Mwaka wa Ngazi za Ba

Wanangu hawanisemeshi vizuri tangu Jumapili. Wanasema nimewaaibisha, kwamba mtu mzima wa umri wangu hatoki kwenye sherehe ya watu kabla keki haijakatwa, na kwamba Papa Mira alinialika kwa heshima nami nikamlipa kwa hasira mbele ya wageni wake. Binti yangu mkubwa, aliyezaliwa hapa hapa Ixelles, Ubelgiji, na ambaye Kiswahili chake ni cha kumsalimia bibi yake kwenye simu tu, amejifunza methali moja, na sasa ananitupia kila nikipita jikoni: hasira hasara. Sawa, nakubali ni hasara. Ila nataka ajue hasara hiyo ilianza lini, maana haikuanza Jumapili. Ilianza miaka thelathini iliyopita, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, nyumbani kwa huyo huyo Papa Mira kule Uccle, nikimtunza mama yake. Tangu hapo nimenyamaza, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Hiyo ni methali yangu mimi, naye aiweke karibu na ya kwake.

Sitasimulia nilivyotoka Uvira, kule Kongo. Matonge yote, mtaa wetu Waafrika hapa Ixelles, imejaa hadithi hiyo, na kila mtu anayeisimulia anadhani ya kwake ni tofauti. Nianze na jiko, kwa sababu mwaka wangu wote ulipita humo. Nyumba ilikuwa na vyumba kumi na kimoja, vyote nilivifagia, lakini watu waliishi kwenye jiko la chini, nusu yake ndani ya ardhi, dirisha likiwa sawa na majani ya bustani, kiasi kwamba ukikaa mezani uliona miguu ya ndege. Ba alikaa hapo kutwa nzima, mgongo kwenye radiator ya kupasha nyumba joto, shali mbili mabegani. Ba ni mama kwa lugha yao, Kigujarati, na kila mtu mle ndani alimwita hivyo, nami nikafuata. Alikuwa na miaka sabini na minane. Alizaliwa Surat, mji wa India ulio kando ya mto Tapi, akaolewa Bujumbura akiwa na kumi na saba, akauza vitambaa huko kwa zaidi ya miaka hamsini, mpaka vita vilipomfanya mwanawe amlete Ubelgiji. Ndiyo maana tulielewana tangu siku ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha haraka, cha mtu aliyezoea kupima mita na kukata. Aliniuliza natoka wapi, nikasema Uvira. "Uvira," akasema. "Basi mimi nilikuwa naona taa zenu usiku ng'ambo ya ziwa, wakati nafunga duka." Kisha akanionyesha kikombe changu. Kilikuwa cha bati, chini ya sinki, karibu na chupa ya javel, ile dawa kali ya kusafishia vyoo, na vikombe vingine vya nyumba ile sikupaswa kunywea. Sikuuliza kwa nini. Papa Mira, mwenye duka la vitenge kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, aliyefiwa na mke na kubaki na binti wa miaka tisa, Mira, alikuwa ameahidi kunitilia saini mkataba wa kazi ili nipate makaratasi, na mtu anayengoja makaratasi hana maswali.

"Mto kama hauna ngazi," Ba alipenda kusema, "huo ni mto wa wanyama." Kwao ngazi za mawe za kushukia mtoni ziliitwa ovara, naye alizijua zote, moja baada ya nyingine, kutoka juu ya mto mpaka chini. Akichambua dengu mezani alizipanga safu safu kwenye sinia, mto huku, mji kule. Safu hii ni ngazi ya wafanyabiashara, walioijenga kwa mali yao ili marobota ya pamba na hariri yasiguse tope. Hii ni ya mahujaji, maana zamani za wafalme wa Kiislamu watu walitoka India nzima kuja Surat kupanda meli za kwenda Makka, na jiwe la mwisho la nchi yao waliloligusa kwa unyayo lilikuwa hapa. Hii ya wafua nguo. Hii, mbali kidogo, ya kuchomea maiti. Na hii, akagonga sinia kwa kidole, ya wanawake wa mtaa wetu. Halafu mto ukajaa mchanga, meli kubwa zikashindwa kuingia, biashara ikahamia Bombay na matajiri wakaifuata. "Walienda zao," alisema, "alors ngazi ikabaki. Ngazi haiko na pasipoti."

Ngazi ya wanawake ilikuwa na vidato thelathini na viwili. Wakati wa mvua mto ulipanda ukavimeza mpaka vikabaki vinne. Wakati wa joto vyote vilikuwa wazi, na mwanamke alishuka mpaka topeni na mtungi kiunoni. Kwa hiyo wanawake walihesabu miaka yao kwa vidato. Fulani aliolewa maji yakiwa kidato cha tisa. Fulani alifiwa kidato cha ishirini. Ba mwenyewe mama yake alimwambia alizaliwa maji yakiwa kidato cha kumi na tano, na hiyo ndiyo tarehe aliyoiamini kuliko ile ya kwenye pasipoti. Kidato cha saba kilikuwa kimebonyea katikati, kwa sababu hapo ndipo walikaa kusugua visigino vizazi kwa vizazi, na hapo ndipo msichana alisikia kila kitu: nani anapigwa na mumewe, nani ana mimba, nani ameficha dhahabu. Mimi nilikulia kando ya ziwa lisilo na hata kidato kimoja, tulichota kwa bidon za njano tukiteleza kwenye mawe na kinyesi cha bata, na nilimsikiliza kwa wivu. Niliona kama nimenyimwa kitu na mtu fulani, sikujua nani, na hiyo ni hasira mbaya kuliko zote kwa kuwa huna wa kumwelekezea.

Siku moja nilimwuliza, "Ba, na mimi wangeniweka ku ngazi gani?" Aliendelea kuchambua dengu. "Wewe? Kulikuwa na ya wafagiaji. Chini kabisa, mahali maji ilikuwa imekwisha kupita kwetu sisi wote. Wangekuweka kule." Akatupa kokoto pembeni. "Na mimi pia, Faida, ningekuweka kule." Nilisimama nikaenda kuosha kikombe changu cha bati, ambacho hakikuwa kichafu, na nilikiosha mpaka mikono ikaniuma. Niliudhika siku tatu. Lakini haki yake nampa: katika nyumba ile ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kunidanganya. Angeweza kunitafutia ngazi nzuri mezani pale, dengu si zilikuwa zake. Hakutaka.

Alikuwa na ombi moja tu maishani, naye alilirudia kila siku, asubuhi na jioni: arudi Surat, ashuke ngazi ile kwa miguu yake kabla hajafa. Papa Mira alisema ndiyo. Alisema ndiyo nilipofika, wakati miti ya bustani inaanza kuchipua. Akasema ndiyo tena shule zilipofungwa, isipokuwa kule sasa ni mvua, Ba, tungoje mvua ikatike. Mvua ikakatika, na sasa ilikuwa duka, kontena la vitenge limekwama bandarini. Kisha goti la Ba. Kisha shule ya Mira. Na kila alipoahirisha alielekeza kidole juu, kwenye rafu ya sala iliyokuwa kati ya friji na dirisha, palipokaa chungu kidogo cha shaba, kifuniko chake kimefungwa kwa uzi mwekundu. "Na tena, Ba, maji ya Tapi iko hapa. Uko na mto ndani ya nyumba." Ndugu mmoja alikuwa ameyaleta miaka mingi nyuma. Ni maji ambayo kwa dini yao mtu hudondoshewa mdomoni anapokata roho, ili aondoke safi. Hilo nimelijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba rafu ile si yangu kuigusa.

Niliigusa. Ilikuwa siku moja kabla ya Diwali, sikukuu yao ya taa, na Ba alikuwa juu kitandani na mafua, ameniachia amri nisafishe nyumba mpaka pembe za dari. Kosa nililofanya, Mbelgiji asingelifanya, na Mhindi hata kwa ndoto asingelifanya. Ni kosa la mtu wa Uvira. Mimi nimeona kipindupindu. Nimeona vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini yake, na mdogo wangu alitoka nyumbani asubuhi akikimbia, saa tisa ya mchana alikuwa amekwisha. Kwetu maji yaliyolala ni adui, hata mtoto anajua. Nilipofungua chungu kile nikaona duara la kijani ukutani mwake na maji yamekaa humo miaka, sikufikiri mara mbili. Niliyamwaga kwenye sinki, nikamimina na javel nyuma yake. Nikakisugua chungu kwa limau na chumvi mpaka kikang'aa. Kisha nikachukua maji ya bomba, maji ya Bruxelles ambayo watu wanakunywa moja kwa moja bila wasiwasi, nikayachemsha dakika kumi kamili kama wauguzi walivyotufundisha, nikayapoza, nikayajaza, nikafunga uzi wangu vizuri. Niseme ukweli, nilijisifu. Nilidhani nimemwokoa bibi wa watu.

Ba alishuka asubuhi kabla ya wote. Aliona ule mng'aro, akaona fundo la uzi halikuwa lake, akaniuliza nani amegusa. Nikasema mimi, nikamweleza na habari ya kuchemsha, nikitarajia asante. Alinipiga kofi. Mkono wa mtu aliyekata vitambaa miaka hamsini si mwepesi. Halafu akakaa chini sakafuni, yeye ambaye magoti yalimzuia hata kukaa kwenye kigoda, na akaniambia yale maji yalikuwa ya nini.  Nililia, naye akaniacha nilie, hakunionea huruma hata kidogo. Mwishoni akauliza, "Uliimwaga wapi?"

"Kwa sinki, Ba."

"Na maji ya sinki inaenda wapi?"

"Sikuyuwi. Ku muto, labda."

"Basi vaa koti," akasema. "Nipeleke kwa huo mto."

Papa Mira alikuwa ameshaenda dukani, Mira shuleni. Tulipanda tram mpaka katikati ya mji, Ba na fimbo yake na shali zake mbili, mimi na shavu langu linalowaka. Tulishuka karibu na Bourse, nikamwuliza mzee aliyeuza magazeti, kwa Kifaransa changu cha wakati ule, mto uko wapi. Akacheka, akagonga lami kwa kiatu. "Elle est là-dessous, ma petite dame." Uko chini hapo. Akatueleza kwamba mji ulikuwa na mto wake kweli, na viwanda, na wafua nguo, lakini ulinuka na kuleta maradhi, basi zamani za babu wa babu yake wakaufunika kwa matofali na kupitisha barabara juu. Maradhi gani? Choléra, akasema, kipindupindu kile kile. Nilihisi aibu ikinipanda mpaka masikioni. Mji mzima ulikuwa umefanya nilichofanya mimi jikoni. Ba aliponitaka nimtafsirie nilimtafsiria yote, hata neno hilo, kwa kuwa yeye naye hakuwa akinificha kitu.

Alisimama katikati ya watu wanaotoka madukani na vifurushi vyao akapiga lami kwa fimbo. "Mto mzima? Iko hai, na wanaizika?" Akasema na maneno ya Kigujarati ambayo hayakuhitaji mtafsiri. Mwaka huo huo alikuwa amepata barua kwamba kule Surat, kwa kuogopa mafuriko, wanataka kujenga ukuta mrefu kati ya mji na mto, mbele ya ngazi, na barua ile aliichana vipande akavitia kwenye mfuko wa maganda ya vitunguu. "Kule wanajenga ukuta, huku wanazika," aliniambia. "Wanaume wakishindwa kufagia, wanafunika." Watu walitupita wakitutazama, mwanamke mweusi na bibi wa Kihindi wakigombana na barabara. Sikujali. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii kuona mtu wa upande wangu akikasirika hadharani bila kuomba radhi, na nilitamani nijue kufanya hivyo.

Hakukubali kurudi. Tukatembea polepole mpaka kwenye mfereji mkubwa wa kupitishia meli, kwa kuwa ndiyo maji pekee yaliyobaki wazi, na hapo kweli kulikuwa na ngazi ya mawe ya kushuka mpaka majini, ila imefungwa kwa geti la chuma na kufuli. Ba alishika vyuma akatazama chini. Maji yalikuwa meusi, yakibeba majani na chupa. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa anafikiri, na aliponigeukia uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata njia. "Faida, umenisaidia," akasema. "Yule mtoto wangu amejificha nyuma ya ile maji miaka yote. Kila siku, maji iko, maji iko. Sasa haiko. Leo jioni namwambia: maji imekwisha, nipeleke nikachote. Atafanya nini? Mbele ya jamaa zake wote hawezi kukataa."

Niliyatamka haya miaka yote peke yangu, na hapa nayaandika ili wanangu wayasome. Nilipiga magoti kwenye mawe ya mfereji. "Ba, pardon. Atanifukuza. Contrat haijatiwa saini. Bakinirudisha, mi nakufa." Nikamwomba aseme ni yeye aliyemwaga, kwa bahati mbaya, mkono ulitetemeka. Akakataa. "Juu ya maji ile sisemi uongo." Basi zikabaki njia mbili tu, aseme yote au anyamaze. Alinitazama sana. Mimi niliyekuwa wa ngazi ya chini kabisa, ninayenywea bati, nimemwagia maji yake ya kufia kwenye sinki na javel juu. "Simama," akasema. "Bon. Nitanyamaza."  Jioni Papa Mira aliwasha taa za Diwali dirishani na kusema jinsi chungu kilivyong'aa, na Ba akamwambia ndiyo, Faida amekisafisha.

Januari nilikuwa nimebeba sinia la chai kwenye ngazi za nyumba, Ba akipanda nyuma yangu kidato kwa kidato, tukamsikia Papa Mira ofisini kwake akiongea kwa simu na binamu yake aliyebaki Bujumbura. Walipotaka kusema mambo ya wakubwa mbele ya Mira walisema Kiswahili, maana mtoto yule alijua Kifaransa na Kigujarati tu. "Hapana, simpeleki," alisema. "Hata sikuwa na mpango. Mbali sana, na duka nani atabaki nayo? Mimi namwambia ndiyo, ndiyo, apate kutulia. Ana ile maji yake, itamtosha." Niligeuka. Ba alikuwa ameshika ukingo wa ngazi. "Umesikia?" akaniuliza. Nikasema nimesikia. "Na mimi," akasema. Mlango ulikuwa hatua nne mbele yetu. Neno moja tu lilitosha, maji hayapo, na ni mimi niliyepaswa kulisema, kwa kuwa yeye alikuwa amefungwa na ahadi aliyonipa. Alingoja. Nakumbuka kabisa kwamba alingoja. Mimi nikashuka na sinia langu kurudi jikoni, chai ikiwa bado ya moto.

Alifariki mwezi wa tatu, mchana, mvua ikinyesha bustanini. Daktari alikuwa ametuambia ni leo au kesho. Papa Mira alikuja mbio kutoka dukani, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akachukua chungu, kijiko, na jani la mrihani. Mimi nilishika kichwa cha Ba. Mira alisimama mlangoni na soksi za shule. "Kunywa, Ba," alisema kwa Kigujarati, hayo niliyaelewa, "ni Tapi." Ba alifumbua macho. Alitazama kijiko, akanitazama mimi, na akaongea Kiswahili, ingawa tangu asubuhi alikuwa akiongea lugha yake tu. "Faida, mwambie aende akachote mwenyewe." Kisha akafunga mdomo. Aliufunga kama mtu anayefunga duka. Papa Mira alisukuma kijiko kati ya midomo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na maji niliyoyachemsha mimi yakateremka shingoni mpaka kwenye mto wa kitanda, nami nikayafuta kwa taulo. Saa moja baadaye Ba alikuwa ameondoka duniani. Papa Mira akageukia mlangoni akamwambia mtoto, "Tu as vu, chérie? Elle a bu." Umeona, amekunywa. Mira akaitikia kwa kichwa.

Majivu yake hayakwenda Surat pia. Yalitawanywa kwenye majani ya makaburini, hapa hapa, na tukala mikate midogo na kahawa. Wiki mbili baadaye Papa Mira alitia saini mkataba wangu, kwa hiyo makaratasi ninayotembea nayo mpaka leo yana jina lake chini. Nilisomea kazi ya kutunza wagonjwa. Nimewalowesha midomo Wabelgiji wengi wanaokufa, kwa kile kisponji chenye kijiti, na siku zote nauliza kwanza, unataka? Akifunga mdomo, naondoa mkono. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu alikuja na hajawahi kurudi kwao.

Basi Jumapili. Papa Mira ametimiza miaka themanini. Mira, ambaye sasa ni wakili na mama wa watoto wawili, ndiye aliyenipigia simu, "Tantine Faida, papa anataka uwepo." Nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda. Wageni walikuwa kama thelathini, wengi wao hawakumjua Ba. Alisimama akasema kwa Kifaransa juu ya maisha yake, duka, nchi tatu, na kisha akafika kwa mama yake. Alisema mama aliota siku zote ngazi za mto wake. Alisema, "Hakuweza kwenda kwenye mto, lakini mimi nilimletea mto. Kwa mkono wangu huu nilimnywesha, akanywa, akaondoka kwa amani." Watu walipangusa macho. Mira alipangusa macho. 

Kwetu ukubwani mtu hufundishwa kusitiri. Kosa la mtu humwambii mbele ya watu, unamfunika, unamwambia kwa namna ambayo ni yeye tu atasikia. Nilitaka kumsitiri. Ndiyo sababu niliposimama kuomba neno niliongea Kiswahili, kwa kuwa pale ndani tuliobaki nacho tulikuwa wawili. Sikupandisha sauti. "Papa Mira, mama hakukunywa," nilimwambia. "Na ile haikukuwa Tapi. Ilikuwa maji ya robinet, niliichemsha mimi, ile ya Tapi niliimwanga ku sinki. Ba alijua, akanyamaza juu yangu, nisifukuzwe. Lakini wewe ulisikia vile alisema. Aende akachote mwenyewe. Ulisikia, na hukuenda. Hata majivu hukupeleka. Mi niko na kosa langu, nimelibeba. Leo chukua na lako." Nikakaa. Alikuwa amenitazama muda wote bila kupepesa, na nikaona kila neno limefika.

Mjukuu wake akamvuta mkono. "Elle dit quoi, Papy?" Anasema nini?

Papa Mira aliinua glasi yake. "Anasema asante," aliwaambia kwa Kifaransa, akitabasamu. "Anasema asante kwa kila kitu tulichomfanyia."

Wakanipigia makofi, wote, kwa upendo kabisa, na Mira akanibusu shavu. Nikangoja makofi yaishe. Kisha nikasimama tena, nikalisema lote upya, tangu sinki mpaka kijiko, kwa Kifaransa.